Viatu Mlangoni kwa Mama Jorunn

Haya yalimpata rafiki yangu Torgeir. Mimi yasingenipata, maana jini akiniona hubadilisha njia.

Alikuwa akizunguka mji wa Bergen peke yake, begi mgongoni, mvua haikatiki, miguu imevimba kama mikate. Alasiri ya Novemba, giza limeshatanda kama ilivyo huku kaskazini majira ya baridi, akachukua chumba cha juu kwa Mama Jorunn, mwenye nyumba ya wageni, ajinyooshe kabla ya meli ya mwisho ya kwenda kwao.

"Viatu hapo hapo mlangoni, mwanangu," mama akafoka. "Hapa si zizi."

Torgeir akavivua, akavishindilia magazeti vikauke, kama tunavyofanya sote huku, akapanda na soksi.

Usingizi haujamchukua, akasikia ngazi. Chwa. Chwa. Hatua za mtu aliyelowa zikapanda polepole, zikasimama mlangoni pake, zikashuka. Akapaza sauti, "We bwana, viatu huvuliwa chini!" Zikapanda tena.

Aliponisimulia nilimcheka. "Mwoga we! Si ungefungua?"

"Nilifungua," akasema. "Taa ya ngazi ilikuwa imezimika. Sikuona mtu. Nikamwita mama, akajibu kutoka jikoni kwamba hana mpangaji mwingine."

Meli ilikuwa karibu kuondoka, na jozi nyingine hakuwa nayo. Akashuka, akapapasa gizani pale mlangoni. Magazeti yalikuwa yametolewa, yamekunjwa vizuri pembeni. Akatumbukiza mguu upesi, akimbie.

Ndani ya kiatu mlikuwa na joto la mguu uliotoka sasa hivi.