Nakala Tatu za Marehemu

Asubuhi ile ripoti ilionyesha kwamba faili moja limepotea, na fundi wa kompyuta akadhani macho yanamdanganya. Hospitali iliweka kila faili, la mgonjwa na la mfanyakazi, kwenye diski tatu. Moja ikifa, mbili zinabaki. Kila alfajiri programu ya ukaguzi ililinganisha nakala zote tatu na kuziba penye kasoro. Faili litoweke kote kwa mpigo, na diski ni nzima? Hilo lilikuwa limetokea mara moja tu, na aliyelifanya ni yeye.

Wiki tatu nyuma, mganga mkuu aliteremka chumba cha mitambo, akafunga mlango.

"Yule mama aliyefia leba. Faili lake liondoe lote."

"Mzee, lakini lina saa ulizoitwa..."

"Ndiyo maana nakutuma, binti yangu."

Naye, akiogopa kibarua kisije kikaota nyasi, akafuta.

Siku ya pili yalipotea mafaili mawili, ya tatu matano. Aliyafuatilia moja moja na kuandika orodha ya wenyewe: mkunga wa zamu, mtaalamu wa usingizi, karani wa mapokezi. Wote walikuwepo siku mama yule alipofariki.

Mchana akaingia mwanamke ambaye fundi hakumkumbuka, macho mekundu, akajitaja kuwa ndiye yule mkunga.

"Dada, mwanangu kaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Mume wangu kanifungia mlango. Hawanijui!"

Fundi alimpigia simu shangazi yake, mpunga pepo, naye akafika upesi. Alipovuka kizingiti tu alisimama, akanusa.

"Damu na marashi," akanong'ona. "Unaisikia harufu?"

Fundi aliisikia, na kiyoyozi kikazidi kupuliza baridi, na feni za mitambo ambazo siku zote zilivuma kama nyuki zikaanza kupumua, zikivuta na kutoa, zikivuta na kutoa kama mwanamke mwenye uchungu ambaye ameita na kuita na hakuna aliyekuja, mpaka pumzi zile zikawa sauti.

"Mmemfuta. Nami nafuta."

"Wewe nani?" shangazi akauliza.

"Nilizaliwa naye. Nilicheza naye. Nilikuwa naye pale kitandani."

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. "Huyu ni jini aliyezaliwa na marehemu, simpungi," alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Ana haki yake. Ulichomnyang'anya mrudishie."

Fundi akakaa, akaandika. Alikuwa amelisoma faili lile kabla ya kulifuta, na usingizi haukumjia tangu hapo. Aliandika kwamba mganga aliitwa saa moja, na saa tatu, na saa tano. Akaandika kwamba alifika saa nane mama ameshakata roho. Mwisho akaandika nani aliamuru faili lifutwe, na nani alilifuta. Diski zote tatu zikapokea. Feni zikatulia, na mafaili yote yaliyopotea yakarudi. Simu ya mkunga ikaita: mtoto analia, anamtaka mama yake.

Mganga mkuu aliingia kama moto. "Nimeambiwa umelirudisha! Lifute!"

"Sifuti, mzee."

"Basi nipishe!"

Shangazi akamshika mkono. "Baba, usiguse."

Alimsukuma, akabonyeza mwenyewe. Faili halikufutika. Harufu ya damu ikapanda tena, feni zikavuta pumzi moja ndefu, na kwenye skrini faili lingine likatoweka katika diski zote tatu. Mganga akaguna, akapanda ngazi.

Huko juu katibu aliyemtumikia miaka kumi na miwili alimzuia mlangoni: wagonjwa husubiri nje, mzee. Alipofoka, walinzi wakamtoa mzobemzobe. Alimpigia mkewe, mkewe akamwambia amekosea namba.

Saa kumi fundi alipotoka kazini, mzee mmoja getini alimrukia, akamng'ang'ania mkono.

"Binti yangu! Wewe unanijua! Waambie mimi ni nani!"

Fundi alimtazama vizuri usoni, akamwonea huruma.

"Samahani, baba. Sijapata kukuona."

Na alikuwa akisema kweli.