Jicho la Kushoto la Ruphin

Jua lilikuwa linazama Ruphin alipotoka kwenye saluni alimokuwa akinyoa watu, mtaa wa South Beach, kwenda kununua mkate. Akasimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, akingoja ya kuvuka. Ng'ambo alisimama mwanamke mzee mwenye blanketi mabegani. Alikuwa anamtazama yeye.

Upepo ukaleta mchanga. Ruphin akafumba jicho la kushoto.

Mwanamke hayupo.

Akalifumbua. Yupo... tena ameshashuka barabarani.

Jicho hilo halikuwa lake lote. Ugonjwa ulikuwa umeikondesha ngozi angavu ya mbele ya jicho hadi ikachongoka, na mwaka 1996 daktari akamshonea ya marehemu mmoja. Marehemu gani, hakuambiwa. Miaka mitatu aliona vizuri, akafanya kazi, akalisha nyumba.

"Iko nini, Papa Grâce?" mkewe Antoinette alimuuliza alipoingia bila mkate.

"Iko mama moja ananifuata."

Antoinette akachungulia koridoni. "Hakuna mutu."

Yule mzee alikuwa amesimama nyuma ya Antoinette.

Asubuhi jicho likaamka jekundu, limejaa ukungu. Daktari alilimulika.

"Mwili umeanza kuikataa ngozi uliyoshonewa. Hutokea, hata baada ya miaka. Tujaribu matone."

"Na ule mama ninamuona, docteur?"

"Ni ukungu tu."

Matone hayakusaidia. Kwa jicho hilo vitu vikaanza kufutika: bahari, nywele za wateja, uso wa Antoinette. Mwanamke peke yake alibaki wazi, na kila jioni alikuwa karibu zaidi, akinuka udongo mbichi. Ruphin akasali. Akafunga kula. Akalifunika jicho kwa bandeji.

Akamwona ndani ya bandeji.

Jioni moja mwanamke akamwinamia. "Mntanami..."

Kizulu cha Ruphin kilikuwa cha kunyolea watu tu, lakini neno hilo alilijua. Mwanangu.

"Mimi si yeye, mama," alinong'ona. "Mtoto wako alikufa."

Mwanamke akatikisa kichwa polepole.

Baadaye jicho likawa jeupe kabisa, na hakumwona tena. Daktari akasema atashonewa ngozi nyingine, zamu yake ikifika. Antoinette akamshukuru Mungu.

Jioni hiyo waliketi kitandani, Antoinette kuliani kwa Ruphin, mikono yake miwili ikichambua maharagwe kwenye sinia. Jicho jeupe likatoa chozi.

Vidole vya baridi vikalipangusa.