Simu Niliyoiacha Ilie Nikiwa Edani

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na moja, ni mjane, na nakuandikieni kutoka chumba cha wageni katika nyumba ya mdogo wangu huku Nizwa, Omani. Kina kiyoyozi na kitanda kizuri. Lakini laiti mngejua nilifikaje humu...

Mume wangu, marehemu Nassor, alifanya kazi Marekani miaka mingi, mpaka sote wawili tukapata uraia wa kule. Alipostaafu tukarudi Ibra, tukajenga nyumba yetu. Mungu hakutujaalia mtoto. Mtoto wetu alikuwa Salum, mdogo wangu wa mwisho, ambaye mama alimwacha ananyonya nikamlea mimi.

Akiba ya uzeeni ya Nassor ilibaki Marekani. Kule pesa hizo hazikatwi kodi unapoziweka, hukatwa unapozitoa. Ila unaweza kuzihamishia akaunti ya aina nyingine, ukalipa kodi yake mara moja, zisidaiwe tena. Ujanja ni kuhamisha kidogo kidogo, miaka ambayo mapato yako ni madogo. Ukizichota zote kwa pamoja, kodi inapanda vibaya mno! Kila mwaka Nassor alihamisha fungu moja, huku akiniambia, "Bi Asya, sitaki uje ukamwombe mtu hata baisa ya chumvi."

Kisha Nassor akafa... Alianguka msikitini siku ya Ijumaa, hakuinuka tena.

Nikakaa eda. Na hapo ndipo balaa lilipoanza! Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwangu kutozwa kodi kwa kiwango cha mke na mume. Baada yake ningetozwa kama mtu aliye peke yake, kwa kiwango kizito zaidi. Ilibidi nihamishe fungu nono kabla mwaka haujaisha, nami niko ndani, sitoki, sisemi na mwanamume wa kando. Ndivyo nilivyolelewa.

Salum akaja kutoka Nizwa, ambako ana duka la tende. "Dada, niandikie uwakala nikutilie saini mimi," akaniambia. "Wewe kaa na msiba wako, wallahi usijisumbue." Nikamwandikia. Ningemkatalia vipi mtoto niliyembeba mgongoni?

Haukupita muda, simu ikalia. Nikaliona jina la mhasibu wetu wa Marekani, mtu aliyeaminiwa sana na Nassor. Mwanamume... Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, na tena! Nikamwomba Salum amjibu. Salum akamwambia kwamba dada yake karidhia kila kitu.

Karidhia nini? Nilipotoka eda ndipo nilipojua. Yule bwana alitaka kusikia kwa mdomo wangu kama kweli nataka kuzitoa pesa zote! Salum hakuhamisha hata fungu moja. Alizitoa zote, akalipia madeni yaliyokuwa yakimpokonya duka na nyumba yake. Alilia mbele yangu, akaapa alidhani atazirudisha kabla sijatoka ndani. Mpaka leo hajazirudisha.

Na kodi? Kodi ilikuja kwa jina langu mimi, kwa kiwango cha juu, eti mwaka ule nilikuwa tajiri! Tajiri wa nini, jamani? Nikauza nyumba ya Ibra nikailipa. Siku ya kukabidhi funguo nilikaa kitandani upande wa Nassor, nikalia mpaka mnunuzi akaona haya akatoka nje.

Baadaye mwalimu wangu wa Kurani, bibi mtu mzima, aliposikia mkasa huu alishika kichwa. "Mwanangu, nani kakwambia eda inakukataza kusema kwenye simu kwa dharura yako?" Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe!

Dada zangu, nakusihini. Kaeni eda, muwalilie waume zenu, lakini simu ya mambo yenu ipokeeni wenyewe. Waulizeni wanaume wenu wangali hai mali iko wapi na inaendeshwaje. Na mtu akikwambia usijisumbue, hata kama umemlea, jisumbue!

Mimi sina pengine pa kwenda. Nalala katika nyumba iliyookolewa kwa pesa za Nassor. Kila asubuhi Salum hugonga mlango huu, macho chini.

"Shikamoo, dada. Unahitaji chochote?"

Namjibu marahaba. Halafu namwomba baisa ya chumvi.