Maiti Yote, Amka

Enyi mliohudhuria barazani hapa, wakubwa kwa heshima zenu na vijana kwa adabu zenu, nawasalimu kwa amani na nawaomba masikio yenu kwa muda mfupi. Mwenye kuhitaji kwenda nyumbani na aende sasa. Nikishamaliza, neno hilo "nyumbani" halitakuwa jepesi kinywani mwa yeyote aliyebaki.

Ulikuwa mwaka ule Wahindi wa Uganda walipokuwa wakiteremka Uingereza na masanduku yao, wamevaa nguo za joto la Kampala katika baridi ya vuli. Balwinder Singh, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa amewatangulia kwa miaka kadhaa. Alikuwa kondakta wa basi jijini London, mrefu, mwenye kilemba cha buluu na sauti ya kuamsha mtaa. Jioni moja ya Ijumaa, giza likianza kushuka juu ya mapaa ya Tooting, alirudi kutoka kazini amebeba kifuko cha ndimu alizoagizwa na Jokha, mke wa Soud.

Soud bin Matar na mkewe walikuwa Waunguja waliokimbia mapinduzi. Walikaa chumba cha juu, Balwinder chumba cha chini, na jiko walilitumia pamoja. Kwao Soud alikuwa karani. Hapa aliosha vyombo hospitalini. Mali iliyombakia ilikuwa ulimi wake. Alikitunza Kiswahili kama mtu atunzavyo kanzu nyeupe, na doa dogo halikumpita.

"Shemeji, ndimu yako hii hapa," Balwinder akasema. "Ile kubwa-kubwa imeisha dukani."

"Ndimu zako hizi hapa," Soud akamsahihisha kutoka mezani. "Zile kubwa zimekwisha."

"Umeelewa ama hukuelewa?"

"Nimefahamu. Lakini sikio linaniuma, yakhe Kalasinga."

Jokha alicheka, mkono mmoja juu ya tumbo lake la miezi sita. Kicheko hicho kilikoma Balwinder alipoeleza habari ya kesho yake. Kulikuwa na Mzungu mmoja, abiria wake wa kila siku, ambaye wenzake walimwita Meja ingawa hakuwahi kuwa mwanajeshi. Huyo na chama chake walikuwa na mchezo wao kila vuli: walikwenda kwenye shamba kongwe nje ya Edmonton, wakavaa sare za kale, wakaviigiza vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa Tanganyika. Mwaka huu walitaka watu wa kuigiza wapagazi, na walipenda wawe watu wanaosema Kiswahili.

"Na hao wapagazi wafanye nini?" Jokha aliuliza.

"Kubeba sanduku. Halafu kupigwa risasi ya uongo, kulala chini kama maiti, halafu kuamka, kunywa chai."

Jokha akaweka kisu chini. "Soud, wewe umeshajilaza maiti mara moja. Ikatosha."

Januari ile ya mapinduzi, huko Unguja, Soud alilala kando ya barabara katikati ya watu ambao hawakuinuka tena, akaizuia pumzi yake mpaka malori yakapita. Hakupenda kulizungumza.

"Mara ile sikuwa na hiari," alisema polepole. "Nataka nilale mara moja nikijua kuwa nitaamka, na watu wanacheka."

Jokha alimtazama sana. Kisha akamgeukia Balwinder.

"Shemeji, mimi sina ndugu mji huu. Nakukabidhi mume wangu. Unrejeshee kama alivyo."

"Nitarudisha yeye mzima, shemeji. Hata kifungo ya koti haitapotea."

"Kifungo cha koti," Soud akasema.

*

Shamba lilikuwa pana na lenye unyevu, na nyumba yake ya matofali ilikuwa imeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mwishoni mwa konde palikuwa na mtaro, na nyuma ya mtaro safu ya miti isiyo na majani. Wazungu walikuwa wakipiga picha, wakichoma soseji, wakirekebishana kofia. Meja aliwapokea kwa furaha ya mtoto.

Shamba hili, aliwaeleza wakinywa chai, lilikuwa la babu yake mdogo, kapteni aliyepigana Tanganyika kwelikweli. Aliporudi alikuja na wapagazi wake wachache wamtumikie. Homa kubwa iliyofuata vita iliwaua wote katika majira mamoja ya baridi. Wakazikwa pale, ng'ambo ya mtaro.

"Nani aliyewasalia?" Soud aliuliza kwa Kiingereza chake cha ofisini.

Meja hakulielewa swali. Akasema tu kwamba kapteni alikuwa mtu mwema. Hata alipozeeka na akili kumtoka, jioni alisimama mlangoni akapaza sauti kuelekea mtaroni, neno moja la Kiswahili ambalo familia nzima ililijua. "Ngoja!" Meja akaliiga, akacheka.

Soud hakucheka. Aliitazama ile miti.

Mchezo ulianza mchana ukielekea kufa. Baruti zisizo na risasi zililia, moshi ukatanda, masanduku yakaanguka. Soud aliangukia mtaroni, akiwa amejishika kifua kwa madaha kama mwigizaji wa sinema, akamkonyezea jicho Balwinder kabla ya kulifumba. Ikapigwa filimbi. Desturi yao ilikuwa mkubwa wao kuwaita walioanguka wainuke. Mara hii Meja alimpiga Balwinder begani. Sauti ile ya basini, alimwambia. Waite wewe, kwa Kiswahili.

Balwinder akatafuta maneno. Yaliyomjia hayakuwa ya jikoni kwa Jokha. Yalikuwa ya baba yake, msimamizi wa vibarua wa reli Kisumu, naye aliyapokea kwa wasimamizi wa kabla yake; maneno ya amri yasiyo na ngeli wala adabu, ambayo kila aliyebebeshwa mzigo wa Mzungu aliyajua. Akajaza kifua.

"Maiti yote! Amka! Kazi kwisha! Kwenda nyumbani!"

Sauti ilikwenda hadi mitini, ikarudi.

Wazungu waliinuka wakicheka, wakikung'uta matope. Na ng'ambo ya mtaro, ukungu ulipokuwa mzito, wengine pia waliinuka.

Polepole.

Balwinder alidhani ni wanachama waliokuwa wamejificha. Waliinuka kwa magoti kwanza, kama watu waliolala juu ya mikono yao muda mrefu. Kila mmoja aliinama, akaokota kitu kisichoonekana, akakiweka kichwani. Upepo ulileta harufu ya unga wa mahindi uliovunda. Halafu ukungu ukasogea... na hapakuwa na mtu, ila miti.

Soud alikuwa wa mwisho kutoka mtaroni.

"Haya, sema," Balwinder alimwambia, akijitayarisha kwa kejeli. "Maiti yote. Najua nimekosea. Sema."

Soud aliokota mfuko wao wa chakula, akasimama nyuma yake.

*

Walitembea hadi stesheni. Balwinder alikuwa akiingoja ile kejeli kama mtu angojavyo chafya. Katika treni viti vilikuwa vitupu, lakini Soud alisimama, na mfuko wao wa chakula alikuwa ameuweka kichwani, mikono ikining'inia.

"Keti, ndugu."

Akaketi papo hapo. Sakafuni.

"Wacha mchezo, bwana. Watu wanatazama."

Ndipo Balwinder alipoiona miguu yake. Viatu havikuwapo. Katikati ya vidole mlikuwa na udongo wa kijivu, na harufu ile ya unga uliovunda ilikuwa imepanda nao treni. Soud alimwinulia uso, akanong'ona, kwa sauti ya Soud, kwa kinywa cha Soud, maneno ambayo Soud asingeyasema hata kwa kulazimishwa.

"Bwana. Kazi kwisha. Mimi nakwenda. Nyumbani wapi?"

Balwinder alicheka kidogo. Kisha akajisogeza mbali naye.

Walipofika Tooting, Soud hakupiga hodi kama ilivyokuwa ada yake. Alisimama getini. Jokha akafungua, taa ikimwangaza kwa nyuma, akatabasamu, kisha tabasamu likamwondoka.

"Soud?"

Hakumtazama. Alimtazama Balwinder. "Bwana, mama hii nani?"

Jokha aliushika mlango kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikukabidhi mume wangu. Huyu uliyenletea nani?"

Balwinder akamweleza yote. Alipoyataja maneno aliyoyapaza, Jokha alifumba macho.

"Wangapi pale walikuwa wakikijua Kiswahili hicho?"

"Mimi peke yangu. Na Soud."

"Na waliozikwa," Jokha akasema. "Hicho ndicho walichoamriwa nacho. Yule kapteni aliwaambia wangoje, wakangoja. Umekuja wewe na sauti ya msimamizi, ukawaambia kazi imekwisha. Na mume wangu, aliyejilaza miongoni mwao, umemwita kwa lugha gani akajua kuwa ni yeye?"

Usiku ule aliyekuja alisimama katikati ya ukumbi. Hakuketi, hakulala, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru. Jokha alikaa ngazini akimsomea Yasini. Kila alipopumzika, sauti ya mumewe ilinong'ona kwa upole, haikuwa na hasira hata chembe:

"Nyumbani wapi?"

*

Alfajiri walirudi shambani wote watatu. Mahema ya Wazungu yalikuwa yamelala. Ukungu ulikuwa umejaa kondeni kama maziwa ndani ya sinia. Mtaroni walivikuta viatu vya Soud, vimesimama wima, vimejaa maji.

Jokha alisimama ukingoni, akaita kwa Kiswahili chao, taratibu, kila neno mahali pake.

"Soud bin Matar, baba wa mwanangu, wewe uliye hai, amka urudi kwetu."

Kisha, chini kabisa, kama ndani ya udongo... pumzi iliyozuiwa. Jokha aliijua. Mumewe alikuwa akijifanya maiti, akingoja malori yapite.

"Hatoki," alisema, meno yakimgongana. "Nafasi yake imekaliwa. Shemeji, mlaze huyu."

Balwinder akamgeukia yule aliyevaa uso wa rafiki yake.

"Lala," alisema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo.

"Kazi kwisha, bwana. Wewe nasema kazi kwisha."

"Ndiyo. Mimi nilisema."

"Nyumbani wapi?"

Balwinder alifungua kinywa. Alifikiri Kisumu, alikozaliwa, ambako alitakiwa awe na kibali cha kufanyia kazi. Alifikiri Punjab, ambako hakuwahi kukanyaga. Alifikiri chumba cha chini Tooting, na maneno ya chokaa yaliyoandikwa ukutani usiku yakimwambia arudi kwao. Angalipata jibu, angalilitoa. Na Jokha alikuwa akilia kimya, na ndani ya udongo ile pumzi ilikuwa ikizidi kufifia.

Akasema neno pekee alilojua kuwa litatiiwa.

"Ngoja."

Uso ule ulimtazama.

"Ngoja hapa. Mimi nitaita wewe."

"Ndiyo, bwana."

Hilo ndilo lililomtisha Balwinder kuliko yote yaliyotangulia. Hakubisha. Aliteremka mtaroni kama askari wa zamani, akalala chali, mikono ubavuni, akafumba macho kwa imani kamili.

Kifua kikatulia.

Kikatulia mno.

Halafu mwili ule ukajikunja, ukakohoa matope, ukashika nyasi. Jokha aliruka mtaroni na tumbo lake. Soud alimwangalia mkewe, akaviangalia viatu vyake, akamwangalia Balwinder aliyekuwa amepiga magoti.

"Maiti wote," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wote, Kalasinga. Si yote."

Walicheka, wakalia, wakashikana. Walipoondoka hakuna aliyetazama nyuma. Lakini ndani ya behewa la treni, tupu asubuhi ile ya Jumapili, sakafu ilikuwa na nyayo za miguu mitupu, bado zina maji, zikitoka mlango mmoja kwenda mwingine. Wale wapagazi wengine aliowaruhusu Balwinder hawakuwa wameambiwa wangoje. Walikuwa njiani, wakipatafuta nyumbani.

Balwinder aliacha ukondakta, akaomba kazi ya kufagia gereji, mahali ambapo hapakuwa na haja ya kupaza sauti. Kila vuli alisema mwaka huu ataenda mtaroni amwite yule mtu. Hakwenda. Hakuwa bado na jibu la kumpa. Alifariki Tooting, na jivu lake likatawanywa mtoni na watoto waliolia kwa Kiingereza.

Nami mnaniuliza, nani aliyenipa habari hizi? Si Jokha, yeye alitangulia. Alinihadithia mzee mmoja, Woolwich, katika chumba chenye joto kilichonukia udi, kwa Kiswahili kilichopangika kama shanga katika uzi. Nilimsikiliza kwa saa nyingi na sikupata kosa hata moja. Alipomaliza nilimuuliza: je, yule aliyeambiwa angoje, aliwahi kuitwa?

Mzee aliitazama miguu yake. Chini ya udi nilisikia harufu nyingine, ya unga. Akaniinamia.

"Bwana ile nakufa," alininong'oneza. "Mimi nangoja bado."

Kisha akatabasamu, akanikaribisha kahawa kwa lafudhi safi ya Unguja. Nilipomuomba jina nipate kumtaja kwa heshima mbele yenu, alinitajia. Soud bin Matar.