Hakutajwa Siku ya Babu

Umemwona, usijifanye. Yule Mwindonesia wa mtandio wa kijani anayesukuma kiti cha magurudumu sokoni. Ulimpita, ukainamia samaki, ukauliza ni wa leo au wa jana.

Ni katika soko hilohilo la asubuhi, hapa mjini Tainan, ndiko Yihong alikomkanyaga mguu Kustinah, maana ndilo jina lake.

"Kaka, hayo macho au vifungo?"

"Samahani, dada. Ila huyo bibi unayemsukuma ni bibi yangu."

Mjukuu, karudi kutoka Taipei na koti jipya. Mwaka mzima wakapendana nyumba moja: yeye ghorofani, Kustinah chini kando ya kitanda cha Bibi, wakinong'onezana kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mliyobakiza. Lala, tajiri wangu, mimi namgeuza Bibi."

Mkataba wa Kustinah wa kumtunza Bibi ulikuwa ukingoni. Jumatatu angesaini kuhamia familia nyingine, mji mwingine, isipokuwa Yihong awaambie jamaa zake kwamba wanapendana.

"Nitasema siku ya kumbukumbu ya Babu," aliapa. "Ukoo wote utakuwepo."

Siku hiyo Kustinah aliamka na uchovu wa juzi. Akapika kuku, samaki, wali, vya kumwandalia marehemu. Nguruwe akamwachia Shangazi. Udi hashiki, dini yake haimruhusu, na Yihong alijua. Alichotaka ni kutajwa tu. Maana mwenye udi huwaambia marehemu wa ukoo nani yumo nyumbani.

Yihong akataja watu kumi na mmoja, hata binamu aliyeko Kanada. Kustinah hakumtaja.

Kustinah akarudi jikoni. Hakulia, machozi nayo yanataka nguvu.

Sebuleni Shangazi akarusha vipande viwili vya mbao, vile vya kuulizia marehemu, kumuuliza Babu kama ameshiba. Vyote vikalala chali: Babu anacheka, hajajibu. Akarudia. Chali. Mara ya sita wali umeshapoa.

"Kuna kitu tumesahau," Shangazi akasema. "Mchuzi wa soya upo?"

Simu ya Kustinah ikatetemeka.

"Njoo, mpenzi."

"Unanipigia kutoka sebuleni? Ni hatua kumi, Yihong."

"Naogopa."

"Na mimi nimechoka. Tuishie hapa." Akakata.

Mlango ukafunguka. Yihong alisimama kizingitini, udi mkononi, majivu yakimdondokea kwenye shati jeupe. Akapaza sauti, wa sebuleni wasikie.

"Babu, nyumba hii ina mtu wa kumi na mbili. Kustinah binti Rasiman, wa Cilacap. Nataka kumwoa, akinikubali."

"Huyu mfanyakazi?" Shangazi akauliza.

Bibi, kwa mkono wake mmoja mzima, akavichukua vile vipande, akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo.

"Amesema ameshiba," Shangazi akanung'unika. "Ya harusi hajasema."

Kustinah akafuta mikono kwenye aproni.

"Mwaka mzima, Yihong. Ungeweza kusema siku yoyote."

"Najua."

"Jumatatu sisaini. Mengine utanibembeleza taratibu. Sasa niletee kiti, miguu inaniuma."

Viti vyote vilikuwa na watu. Hakuna aliyenyanyuka, ila Yihong akampa chake.

Na wewe unayesoma, nyumbani kwako yuko anayekula amesimama jikoni. Unamjua. Weka chini karatasi hii, nenda ukamwite kwa jina alilopewa na mama yake, umpishe mezani. Usingoje sikukuu. Nenda sasa.