Mishono ya Ndani

Kifungo cha tatu hakikuwepo siku koti liliponunuliwa, na leo kilikuwepo.

Darubini alikiona wakati bintiye, akiwa amelivaa, akijitazama kwenye kioo kabla ya kwenda kazini. Hakuwa mtu wa kuchanganya mambo ya vifungo. Jina hilo alipewa na wauza mitumba, ambao wakimwona kwa mbali walianza kuficha nguo mbovu chini ya meza. Hanunui mpaka aigeuze nguo nje ndani, avute mishono, anuse makwapa, aiinue juani. Tena alikuwa na siri yake: nguo iliyotiwa viraka kwa ustadi aliipenda kuliko mpya, maana nani atapoteza muda wake kushona takataka? Koti hili la sufu lilijaa mishono ya mkono upande wa ndani, midogo kama ufuta. Alilikumbatia palepale, muuzaji akabaki anacheka.

"Hiki kifungo umekishona wewe?"

"Mimi, Mama? Mimi na sindano wapi na wapi!"

Wakacheka. Lakini Darubini alipougusa uzi wa kifungo, ulikuwa umelowa, kama uliotoka kinywani mwa fundi sasa hivi.

Wiki hiyo pindo la pazia lililokuwa limefumuka likarudi mahali pake. Soksi zikazibwa matundu. Nyumba ikaanza kunuka mate yaliyokauka. Na mchana mmoja, mama na binti wakiwa wanakula, wakasikia kabatini uzi ukipitishwa kwenye kitambaa kizito: swii, kimya, swii.

"Usiende," binti alinong'ona.

"Panya tu hao."

"Mama, panya gani anavuta uzi?"

Jumamosi binti akajikata mkono kwa mfuniko wa kopo. Akaufunga kitambaa, akajilaza sebuleni. Darubini alikuwa uani akianua nguo aliposikia ile swii, safari hii haitoki kabatini bali sebuleni, akaziacha nguo zianguke mchangani, akakimbia akiita jina la mwanawe na harufu ya mate ikimjaa puani, na alipokifungua kile kitambaa akakuta jeraha limefungwa kwa uzi mweusi, mishono midogo, iliyonyooka, iliyolowa, na binti bado amelala, anatabasamu. Darubini hakuwahi kuogopa hivyo maishani. Hakuwa na mtoto mwingine.

Mganga aliyeitwa siku hiyohiyo aliligeuza koti nje ndani, utadhani naye mteja.

"Huyu ni jini mshonaji," alisema kwa sauti ya chini. "Uliipenda kazi yake, ukamleta mwenyewe. Haondoki mpaka kila alichoshona kifumuliwe. Kikibaki kimoja tu, hicho ndicho nyumba yake."

Alipoondoka, mama na binti wakafumua. Koti, pazia, soksi, foronya ambayo hawakujua hata kama iliwahi kuchanika. Mwisho ukabaki mkono. Binti akauma taulo, na Darubini akakata kwa wembe uzi mmoja baada ya mwingine, huku akimwomba radhi kwa kila mmoja. Damu ikatoka, damu nyekundu ya kawaida, na harufu ya mate ikatoweka kana kwamba mtu amefungua dirisha. Darubini akalia kwa furaha. Akaufunga mkono upya, akamvuta mwanawe kifuani.

Mkono wa binti usio na jeraha ukapita nyuma ya shingo yake, ukasimama.

"Mama."

"Nini?"

"Hapa nyuma kuna mishono." Akavuta kola ya gauni la mama yake, akachungulia. "Imeshuka mpaka kiunoni. Mama, uliumia lini?"

Hakuwahi kuumia. Alijaribu kukumbuka, hakuona kitu. Wembe ulikuwa bado mezani, karibu na mkono wa binti. Darubini akafungua kinywa aseme, fumua, fumua upesi, na akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu kabisa, ikisema:

"Acha, mwanangu. Imekaa vizuri."