Mkanda wa Abiria Wasiosema

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Kiherehere alikuwa na kazi ya kuwaandaa abiria wasiosema wala kulipa nauli: masanduku ya mikate. Mama yake alikuwa mwoka mikate, na kwake mkate uliobonyea ulikuwa aibu ya ukoo mzima. "Mikate nayo ina mbavu," alizoea kusema. "Ifunge vizuri." Jina la Kiherehere alilitoa mama huyohuyo, kwa kuwa binti yake hakupita penye kifuniko bila kukifunua.

Asubuhi hiyo walikuwa wanapakia mikate kwenye gari lao wenyewe kwa mara ya kwanza. Lilikuwa gari lililotumika, lakini lilikuwa limeng'arishwa hadi ungeweza kuchana nywele kwa kujitazama mlangoni. Mama alilinunua kwa akiba ya miaka mingi ya kuamka kabla ya jogoo. Kiherehere alipanga masanduku kwenye kiti cha nyuma, akavuta mkanda wa kiti ili uyazunguke. Ukagoma. Akavuta kwa nguvu, ukatoka wote hadi mwisho.

Kipande cha mwisho, ambacho kwa kawaida hakitoki abiria anapojifunga, kilikuwa kimeganda tope. Kilinuka kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo.

"Mama, njoo uone!"

Mama alinusa, kisha akainua zulia la gari. Chini yake palikuwa na tope jingine, na kutu. Akaketi kizingitini mwa nyumba.

"Gari hili lilizama majini," alisema. "Nyaya zitaoza, litazimika barabarani, na mikate haitafika. Na yule muuzaji nilimuuliza kwa mdomo wangu! Akaniambia halijaingia maji hata ya dimbwi."

"Basi twende tukamwambie."

"Nimeshanunua, mwanangu. Ukutani kwake pameandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Na majirani wote nimeshawatambia. Nitauweka wapi uso wangu?"

Kiherehere alifunua sanduku moja, akaitazama mikate. Kisha akauliza, "Mteja akirudisha mkate mbichi, huwa unamwambia ameshanunua?"

"Thubutu! Nampa mwingine."

"Hata kama ameshaukata?"

"Angejuaje kuwa ni mbichi bila kuukata?" Mama alifoka, halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaanza kucheka, akavua aproni.

Mikate ilipelekwa kwa mkokoteni kama zamani. Baada ya shule wakapitia ofisi ya kutetea haki za wanunuzi. Ofisa mmoja aliwasikiliza, akawaeleza kuwa kitu kinachouzwa lazima kilingane na alichosema muuzaji. Akidanganya, tangazo la ukutani halimkingi. "Na hilo tope msilisafishe," aliongeza.

Walipofika na gari lao kwenye uwanja wa yule muuzaji, Kiherehere alitangulia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Mmefuata gari la pili?" Muuzaji alitabasamu hadi magego. Mama alipomweleza kilichowaleta, tabasamu likayeyuka. "Dada yangu, tangazo hukulisoma? Gari lililotumika lina mambo yake."

"Uchakavu niliukubali," mama alijibu bila kupandisha sauti. "Ile taa iliyokwaruzika niliiona, wala sikuja kuilalamikia. Lakini uongo sikuununua. Nilikuuliza kuhusu maji, ukanijibu mbele ya mtoto huyu."

"Tope hilo ni la viatu vyenu tu."

"Mzee," Kiherehere akauliza kwa adabu, "kuna mtu anayekanyaga ndani ya mkanda?" Akafungua mlango wa nyuma wa gari lao, akauvuta mkanda hadi mwisho, tope likaonekana.

Wateja waliokuwapo wakaangua kicheko. Mmoja, aliyekuwa karibu kulipa, aliingia ndani ya gari alilolichagua akaanza kuvuta mikanda. Mwenzake akamfuata. Muuzaji akakohoa.

"Njoo ofisini, dada, tuyamalize kimyakimya."

"Tuyamalize hapahapa," mama alisema. "Rudisha pesa yangu, au tukutane mbele ya ofisa wa wanunuzi."

Pesa ilirudi yote.

Walirejea nyumbani kwa miguu. Jirani akapaza sauti, "Mama, gari limekwenda wapi?" Kiherehere alidhani mama angeinamisha kichwa. Badala yake alisimama katikati ya njia, akamshika binti yake begani.

"Nimelirudisha! Lilizama majini, na binti yangu ndiye aliyegundua!" Alisema kwa sauti ambayo hata watu wa nyumba za mwisho waliisikia. Kiherehere alijiona amerefuka.

Kisha mama akamgeukia. "Nilikuwa naona haya, nusura haya hiyo ininyang'anye jasho langu. Kudai haki si ugomvi, mwanangu. Uliza kabla ya kununua, kagua kwa makini, na ukidanganywa, sema. Aibu ni ya aliyedanganya."

Baada ya muda walikwenda kwa muuzaji mwingine. Gari walilooneshwa lilikuwa na vumbi, wala halikung'aa. Muuzaji alipofungua mlango, mama alisogea pembeni kabla hata ya kuuliza bei.

"Haya, Kiherehere," alisema kwa majivuno. "Vuta."